Gesi za Sumu Ndani ya Chumba cha Eksirei

Kamati ya kitabu hiki imenitaka nieleze jambo lililozungumzwa mno katika familia zetu tangu mwaka jana, nalo ni kazi anayoisomea binti wa dada yangu. Wengi mmesikia ati "anachezea gesi za sumu ndani ya chumba cha eksirei". Waliosikia hivyo walishtuka, na mama yake, aliye Tanga, alipiga simu mara tatu kwa juma moja akitaka binti arudishwe nyumbani. Kwa kuwa nimefundisha sayansi shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu na kuja kukaa na wanangu hapa Baiyun, mzigo wa kueleza umekuwa wangu. Nitaueleza hatua kwa hatua, na mwisho nitataja yale yanayotuhusu sisi sote majumbani mwetu, hata asiyewahi kuiona maabara maishani mwake.

Eksirei zisizo za hospitali

Eksirei ziligunduliwa na Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Sisi wengi twazijua kwa picha za mfupa na kifua. Lakini kuna aina nyingine ya mtambo wa eksirei uitwao sinkrotroni. Ni bomba kubwa la mviringo lililotolewa hewa yote, na ndani yake elektroni huzungushwa kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Kila zinapopindwa na sumaku, elektroni hizo hutoa mwanga mkali. Mwanga wa namna hiyo ulionekana kwa macho mara ya kwanza mwaka 1947 katika maabara ya kampuni ya General Electric, Schenectady, Marekani. Eksirei zake ni kali kupita za hospitali kwa kiasi kisichosemeka, na zina uwezo wa kuonyesha jinsi atomi zilivyopangwa ndani ya kitu.

Mtambo wa Shanghai una mzingo wa mita 432 na ulifunguliwa kwa watafiti mwaka 2009. Ule wa Grenoble, Ufaransa, una mita 844, na ule wa Japani uitwao SPring-8 una mita 1,436. Nchini Jordan, mahali paitwapo Allan, upo mtambo wa SESAME uliofunguliwa rasmi mwaka 2017, ambao Misri, Iran, Pakistan, Palestina na nchi nyingine huutumia kwa pamoja. Bara letu la Afrika bado halina hata mmoja, ingawa wanasayansi wake walikutana Grenoble mwezi Novemba 2015 kupanga namna ya kuupata. Kwa faida ya jamaa wa hapa Baiyun, nasahihisha jambo moja: mtambo mkubwa wa Dongguan, ule wa Dalang uliokamilika mwaka 2018, hutoa nyutroni, si eksirei. Ni ndugu wa mbali wa hii ninayoieleza.

Kwa nini gesi ziingizwe humo?

Hili ndilo swali la kwanza alilouliza dada yangu, na ni swali zuri. Chukueni mfano wa mbolea. Tulipokuwa vijana Tanga, mji wetu ulikuwa na kiwanda cha mbolea, na shina la mbolea nyingi za chumvichumvi ni amonia. Amonia hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni na haidrojeni juu ya chembe za chuma, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za sentigredi na kwa kani kubwa inayopita angahewa 100. Chembe zile huitwa kichocheo, kwa kuwa huharakisha kazi bila zenyewe kuliwa. Vichocheo vya namna nyingine husafisha moshi wa magari, na vingine hutumika viwanda vya mafuta na plastiki.

Mtu akitaka kujua kichocheo kinafanyaje kazi, hana budi kukitazama wakati kinafanya kazi, kikiwa moto na gesi ikipita. Kukitazama kikiwa baridi na kikavu ni sawa na kujifunza upishi wa pilau kwa kuangalia sufuria lililokwisha kuoshwa. Ndiyo sababu mwanafunzi hupeleka mbele ya eksirei kidude kidogo chenye kichocheo ndani, akapitisha humo haidrojeni, kaboni monoksidi, amonia au gesi nyingine.

Kila gesi ina tabia yake. Haidrojeni haina sumu, lakini ikichanganyika na hewa kwa kiasi chochote kati ya asilimia 4 na 75 huweza kulipuka kwa cheche ndogo tu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni ishikavyo. Haidrojeni salfaidi, ambayo watu wa Olkaria kule Kenya waijua kwa harufu ya mayai mabovu inayotoka katika mvuke wa ardhini, ina hila ya ajabu: ikizidi, hufisha uwezo wa pua kunusa, mtu akadhani imekwisha kumbe imeongezeka.

Ukuta mnene au dirisha jembamba?

Hapa ndipo ulipo ugumu wa fundi. Anayehifadhi gesi ya hatari hupenda ukuta mnene wa chuma. Lakini chuma cha unene wa milimita moja huzuia karibu mwanga wote wa eksirei laini zinazotumika kwa kazi nyingi za namna hii. Mwanga upite, basi lazima pawe na dirisha jembamba, na dirisha hilo ndilo mahali padhaifu kuliko pote.

Madirisha ni ya namna mbalimbali. Yapo ya karatasi ya plastiki ngumu iitwayo Kapton, ambayo unene wake mara nyingi haufiki sehemu ya kumi ya milimita. Yapo ya metali ya berili, ambayo hupitisha eksirei vizuri sana, ila vumbi lake ni sumu ya mapafu, kwa hiyo dirisha likivunjika huleta balaa la pili. Kuna pia vijibomba vyembamba vya kwatsi, yaani kioo kinachotokana na mchanga safi kabisa, ambavyo vyenyewe ndivyo chungu na ndivyo dirisha. Tena eksirei zenyewe huichakaza plastiki kidogo kidogo, kwa hiyo dirisha lililokuwa zima Jumatatu huenda lisiwe na nguvu ile ile Alhamisi.

Fundi hushinda ugumu huu kwa kupunguza ukubwa. Niwape hesabu niliyowapa vijana wetu ubaoni. Tuseme gesi ina kani ya angahewa 10. Dirisha la duara lenye kipenyo cha milimita 5 hubeba msukumo wa kilo 2 hivi. Kipenyo kikiwa milimita 50, msukumo huwa kilo 200, uzito wa magunia mawili ya mahindi yaliyojaa, yamelala juu ya karatasi. Kipenyo kimeongezeka mara kumi, mzigo umeongezeka mara mia. Kwa hiyo madirisha hufanywa madogo, na mwanga wa sinkrotroni hausumbuki na udogo huo, maana wenyewe ni mwembamba kuliko uzi.

Hatari iko nyuma ya kidude

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilimtuliza shemeji yangu, baba wa binti, ambaye ni mtu wa biashara na hupenda hesabu. Kijibomba cha kwatsi chenye uwazi wa milimita moja na urefu wa sentimita tano hubeba gesi ya mililita 0.04, pungufu ya tone moja la maji. Hata ikiwa na kani ya angahewa 10, kikivunjika humwaga mililita 0.4 tu, kiasi kisichomdhuru mtu katika chumba kizima. Hatari yenyewe iko kwenye mtungi uliounganishwa nyuma ya kijibomba.

Chukueni chumba cha urefu wa mita 5, upana 4 na kimo 3. Ujazo wake ni lita 60,000. Mtungi mkubwa wa lita 50 wenye kani ya angahewa 200 una gesi ya lita 10,000 ukifunguliwa. Ikiwa ni kaboni monoksidi tupu na yote ikamwagika chumbani, itakuwa yapata sehemu moja kwa saba ya hewa yote. Wataalamu wa Marekani huhesabu sehemu 1,200 katika milioni kuwa kiwango cha kuhatarisha uhai papo hapo. Hii yetu imekipita zaidi ya mara mia moja. Aliyemo hatoki.

Sasa badilisheni mtungi. Wekeni mdogo wa lita moja, kani ya angahewa 100, na ndani yake kaboni monoksidi iwe asilimia 5 tu, iliyobaki iwe heli isiyodhuru. Wote ukimwagika, kaboni monoksidi iliyotoka ni lita 5, sawa na sehemu 83 katika milioni. Sheria ya Marekani hairuhusu mfanyakazi kuvuta zaidi ya 50 kwa wastani wa saa nane, kwa hiyo 83 si hewa ya kukaa nayo siku nzima, lakini mtu hutoka kwa miguu yake na kurudi kwake. Bado hatujagusa kigunduzi wala feni wala valvu yoyote. Tumebadilisha mtungi tu. Kanuni ya kwanza ya ufundi huu ni hiyo: usilete gesi nyingi kuliko haja yako, wala kali kuliko haja yako.

Kinga juu ya kinga

Baada ya hapo huja kinga za kupangana, moja ikishindwa nyingine isimame.

Ya kwanza ni kitundu chembamba kinachowekwa kwenye mdomo wa mtungi, ili hata bomba likikatika kabisa, gesi itoke kwa kiasi kilichopimwa. Ya pili ni feni ya kuvuta hewa nje. Tuseme gesi inayopita ni mililita 50 kwa dakika, na hewa ya chumba kile cha lita 60,000 hubadilishwa mara kumi kwa saa. Hiyo ni lita 10,000 za hewa kila dakika. Gesi yote ikivuja, itakuwa sehemu 5 tu katika milioni. Lakini feni haiaminiwi kwa taa yake kuwaka. Hupimwa upepo wenyewe ndani ya bomba, kwa sababu feni huweza kuzunguka na njia imeziba.

Ya tatu ni valvu zinazojifunga. Valvu hizi hushikiliwa wazi kwa nguvu ya hewa au umeme, na ndani yake mna springi inayotaka kufunga siku zote. Umeme ukikatika, springi hushinda na gesi husimama. Sisi tuliozoea umeme wa kukatikakatika tunaielewa hekima hii bila kufundishwa: kifaa cha usalama kisichofanya kazi mpaka umeme uwepo kinakuacha peke yako saa ile ile unayokihitaji.

Ya nne ni vigunduzi vya gesi. Cha haidrojeni huwekwa juu, kwa kuwa gesi hiyo hupanda. Cha gesi nzito huwekwa chini. Vina umri wao, vingi havidumu zaidi ya miaka michache, na hujaribiwa kwa gesi iliyopimwa. Tena vina udanganyifu wao: vigunduzi vingi vya kaboni monoksidi hulia pia vikikutana na haidrojeni. Asiyejua hilo atasikia king'ora cha uongo mara mbili tatu, achoke, akizime, na siku ya kweli ikija kiko kimya.

Ya tano ni chumba chenyewe. Kimezungushiwa madini ya risasi ili eksirei zisitoke. Kabla ya mwanga kufunguliwa, mtu hupita ndani akikagua kila pembe na kubonyeza vitufe vilivyo ukutani, king'ora hulia, mlango hufungwa. Mlango ukifunguliwa, mwanga hukatika wenyewe. Maana yake ni kwamba eksirei zinapowaka na gesi inapopita mbele yake, hakuna mtu ndani. Binti yetu hukaa nje mbele ya kompyuta. Dada yangu alikuwa akimwona moyoni mwake amesimama katikati ya mwanga na moshi, na habari hii peke yake ilimpunguzia nusu ya hofu.

Metali na gesi zisizopatana

Lipo jambo moja ambalo hata wasomi hulisahau. Mwaka 1890 Ludwig Mond na wenzake walitangaza kwamba kaboni monoksidi ikipita juu ya nikeli yenye joto kidogo tu, hufanyika kitu kipya kinachoruka kama mvuke, nacho ni sumu kali kuliko kaboni monoksidi yenyewe. Chuma nacho hufanya vivyo hivyo, polepole zaidi. Kwa hiyo mtungi wa chuma ukiwekwa muda mrefu na kaboni monoksidi ndani, huzaa sumu nyingine usiyoiagiza, na chuma hicho huja kutua juu ya kichocheo na kuharibu majaribio. Mtafiti hushangaa kuona chuma mahali ambapo hakukiweka.

Dawa yake ni kutumia mitungi ya alumini, mabomba ya shaba pale yanapofaa, na kichujio kabla gesi haijafika kwenye kidude. Lakini shaba nayo haipatani na amonia. Kwa hiyo hakuna bomba moja la kufaa kila gesi, na kila mara fundi hukaa na karatasi akaandika: gesi hii, metali hii, mpira huu wa kuzibia, joto hili, je, vinapatana? Ni kama wazee walivyokuwa wakiuliza nasaba kabla ya kuoza.

Yaliyotokea Hawaii

Msidhani tahadhari hizi ni woga wa bure. Tarehe 16 Machi 2016, katika Chuo Kikuu cha Hawaii huko Honolulu, mtafiti mmoja alipoteza mkono mtungi ulipolipuka. Haikuwa kazi ya eksirei, lakini kosa lake ni la ufundi wa gesi. Katika mtungi mmoja wa lita 50 hivi walikuwa wamechanganya haidrojeni, oksijeni na kaboni dioksidi, kwa kani ya angahewa kadhaa. Haidrojeni na oksijeni zikiwa zimekwisha kuchanganywa hungoja cheche tu. Wachunguzi waliotoka California waliona kuwa yaelekea cheche ya umeme tuli, ule unaotushtua tukivua nguo ya sufu, ndiyo iliyowasha. Siku moja kabla, chombo kidogo zaidi chenye mchanganyiko kama huo kilitoa mlio wa kupasuka kwa ndani, na kazi ikaendelea.

Naomba vijana muyasome maneno hayo ya mwisho mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine hakuna hata mkono wa kujengea. Anayechanganya gesi hizi ipasavyo huzileta kwa mabomba mawili tofauti, akazikutanisha kiasi kidogo mno, karibu kabisa na kidude. Mlipuko ukitokea, hauna cha kula.

Binti yetu na zamu tisa

Sasa nisimulie lile lililofanya nikubali kuandika makala hii.

Kutumia mtambo wa sinkrotroni hakununuliwi kama tiketi. Mtafiti huandika maombi, wataalamu huyapima, na akikubaliwa hupewa zamu za saa nane nane. Kikundi cha binti yetu kiliomba mara mbili ndipo kikapewa zamu tisa, yaani siku tatu usiku na mchana. Kidude cha kushikia kijibomba cha kwatsi alikichora yeye. Kilijaribiwa kikiwa baridi kwa heli, na hakikuvuja hata chembe. Wenzake wakapiga picha, wakafungasha mizigo.

Yeye hakutosheka. Akakipasha moto hadi nyuzi 450, akakipoza, akakipasha tena, mara tatu, maana ndivyo kitakavyofanyiwa kazini. Mara ya tatu kikavuja pale kwatsi inapokutana na chuma. Sababu yake ni ya kidato cha pili: vitu hutanuka kwa joto, lakini si kwa kiasi kimoja. Chuma kisichoshika kutu hutanuka mara 30 hivi kuliko kwatsi. Kila kikipashwa na kupozwa, chuma huvuta na kulegeza, na kizibo hupoteza mshiko wake.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Baadhi ya wenzake walisema uvujaji ni mdogo, feni ipo, vigunduzi vipo, twendeni. Walisema kweli kwamba ulikuwa mdogo. Binti alinipigia simu saa nne za usiku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako hivyo?"

"Mjomba, nikisema kweli tunapoteza zamu zote tisa. Kuomba tena ni nusu mwaka. Na mkubwa wetu ana wanafunzi wawili wanaomaliza mwaka huu."

Nikamwuliza, "Feni na vigunduzi viliwekwa kwa ajili ya nini?"

Akanyamaza kidogo. "Kwa ajili ya lile ambalo hatukulijua."

"Na hili mnalijua?"

"Tunalijua."

Sikuongeza neno. Asubuhi aliandika barua kwa mkubwa wake akieleza kila kitu, na barua ikapelekwa kwa watu wa usalama wa mtambo. Zamu tisa zikapewa watu wengine. Mwanafunzi mmoja wa kikundi kile hakusema naye kwa majuma kadhaa, na mwingine alichelewa kumaliza. Hayo ni madhara ya kweli, wala sitaki kuyapunguza. Binti alirekebisha mchoro: sehemu ya kuzibia akaisogeza mbali na joto, chuma kikapozwa kwa maji, na kizibo kikawa cha kitu kinachoweza kutanuka na kurudi. Kidude kikapashwa na kupozwa mara hamsini. Waliomba upya, wakapewa zamu sita, wakafanya kazi yao, wakarudi salama.

Dada yangu alipopata habari hizi hakusema neno juu ya kumrudisha. Alisema tu, "Kaka, basi amefanana na baba yetu." Waliomjua marehemu mzee, aliyewahi kugomesha jahazi zima bandarini Tanga mpaka liitiwe kalafati upya, wanajua maana yake.

Yanayotuhusu majumbani

Gesi ile ile ya maabara hukaa nasi nyumbani. Familia zetu nyingi hapa Baiyun zimepanga nyumba zenye majiko na vichemsha maji vya gesi. Miezi ya Desemba na Januari baridi ya Guangzhou huingia mifupani, nyumba hazina mtambo wa kupasha joto, na watu hufunga madirisha yote. Kichemsha maji kikiwaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Vile vya zamani vinavyotoa moshi chumbani vilipigwa marufuku na serikali ya China mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukipanga nyumba, tazama bomba la moshi linatoka nje kweli, halikuchomoka wala kutoboka. Nunua kigunduzi cha kaboni monoksidi na uangalie tarehe yake ya mwisho.

Mlioko nyumbani Afrika, jiko la mkaa lisilalwe nalo chumbani, hata likiwa limefifia na halitoi moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua kimya. Hata chetezo cha udi, tukipendacho, kisiachwe na makaa katika chumba cha mtoto kilichofungwa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa wote kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, mengine baadaye. Hapa China gari la wagonjwa huitwa kwa namba 120, na zimamoto kwa 119.

Jambo la mwisho ni la kumwokoa mwenzako. Kule Goma, mashariki ya Kongo, kuna mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Wenyeji huiita mazuku. Mbuzi huingia akaanguka, mchungaji humfuata akaanguka juu yake. Visima na mashimo ya vyoo kwetu yameua kwa namna hiyo hiyo: wa kwanza anateremka, hajibu, wa pili anamfuata kwa huruma. Sheria ya chumba cha risasi ni kwamba kigunduzi kikilia hakuna anayeingia mpaka kipimo kilicho nje kiseme hewa ni safi, hata kama ndani kumeachwa kitu cha thamani ya nyumba. Basi na iwe sheria ya visima vyetu pia. Ita watu, leta kamba, leta wenye vifaa, usimfuate mtu kwa pumzi yako tupu.

Vijana wanaotaka kusomea kazi hii wasizuiwe, wavulana kwa wasichana. Nchi zetu zina mbolea ya kutengeneza, mvuke wa Olkaria wa kusafisha, na ziwa la Kivu ambalo Rwanda imekwisha kuanza kulitolea methani ya kuzalisha umeme. Kazi zote hizo zinahitaji watu waliozoea kupima kwanza na kuwasha baadaye. Mzazi mwenye hofu na asome ukurasa huu, kisha amwulize mwanawe maswali matatu: gesi ni kiasi gani, umeme ukikatika itakuwaje, na mmekipasha moto mara ngapi? Akijibu yote matatu bila kugugumia, mwombee dua na umwache aende.